Kisu cha porini kilichoniachia mpini mkononi

Naandika hasira haijanitoka, na nusu ya hasira hiyo ni kwa maneno niliyoambiwa, si kwa kisu.

Kaskazi ilikuwa inamalizikia. Tuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tumbe, Pemba, mimi, mdogo wangu na mtoto wa dada yangu ambaye ndiyo kwanza amemaliza skuli. Mvua ya usiku imerowesha kuni zote. Hapo dawa ni moja: upasue gogo uufikie moyo wake, maana ndani ni pakavu. Nikachukua kipande cha mvinje, unene wake kama kifundo cha mkono, nikaweka makali juu yake, nikawa nagonga mgongo wa kisu kwa kigogo. La kwanza, la pili, kinazama vizuri. La tatu, nimebaki na mpini. Bapa limeruka, limepita shibiri moja na goti la mtoto, limejikita mchangani.

Mtoto hakusema kitu. Mimi mikono ilinitetemeka mpaka chai ikaiva.

Nikauchungulia mpini. Msuka wa kisu kile, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, haufiki pingili mbili za kidole changu, mwembamba kama mkia wa panya, umeshikizwa kwa gundi nyeupe iliyokauka ikawa unga. Mpini wenyewe mtupu ndani, eti utie ndoana na viberiti, na kifuniko chake kina dira. Dira hiyo ndiyo iliyonivutia siku ya kununua. Lakini kisu cha kugongwa chuma chake huwa kimoja, kinatoka nchani kikapita ndani ya mpini mpaka mwisho. Hiki kila pigo lilikuwa linaishia kwenye gundi! Kisu cha jikoni kwetu kina msuka mrefu kuliko huu.

Nilipopata safari ya Unguja nikakirudisha dukani, Darajani. Kijana yule yule aliyeniuzia, macho kwenye simu.

"Ami, kisu si shoka. Nani alikwambia upasulie kuni?"

Nikamgeuzia boksi lake. Kuna picha ya mtu anapasua gogo kwa kisu hicho hicho.

"Hiyo picha tu, ami."

Nikamwambia kidogo kimkate mtoto mguu. Akamgeukia mteja mwengine. Pole hakunipa. Pesa ningezisamehe, wallahi, lakini neno pole linamgharimu nini mtu?

Haki lazima niiseme. Kabla ya asubuhi ile nilikuwa nakisifu mbele ya wenzangu. Kilichonga vigingi vya turubai, kilipaa tasi kikapu kizima, kilikata kamba ya nanga iliyonasa, na makali yake yalikuwa bado yanachana karatasi. Kijiti chake cha cheche kiliwasha kilifu kikavu cha mnazi mara ya kwanza tu. Msumeno wa mgongoni haufai, unakwama kwenye mti mbichi. Na usikiache na maji ya chumvi hata usiku mmoja bila kukipaka mafuta ya nazi, asubuhi utakikuta na madoa ya kutu.

Nilikusudia kuandika kwamba kisinunuliwe kabisa. Fundi mmoja wa Wete akanivuruga. Alikigeuza geuza akasema chuma chake kizuri, mwizi ni aliyekitia mpini. Akakiungia msuka mpya, akakitia mpini wa mpera kwa misumari mitatu. Tangu hapo nimeshapasua mvinje zaidi ya mara kumi na hakijacheza.

Basi ni kisu kizuri? Bapa, ndiyo. Lakini mbona nilipe mara mbili kwa kitu kimoja? Na asiyemjua fundi je, asubiri kimrukie mwanawe? Hapana. Kama mpini ni mtupu ndani, kiache dukani, hata kikiwa na dira mbili.

Bamvua iliyopita tulirudi dago. Nilipokitoa kwenye ala, mtoto wa dada yangu aliinuka kimya kimya, akaenda kukaa upande wa pili wa moto.