Kipimamvua cha shilingi 900: chenye faida kwangu kiko Kikuyu

Kama una bustani Nairobi na unataka tu kujua mvua imenyesha kiasi gani, kipimamvua cha plastiki cha shilingi 900 kinatosha. Kama unakaa kando ya mto na unachotaka kujua ni kama usiku wa leo maji yatakufikia, kimoja hakitoshi, na hicho kimoja usikifunge kwako. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Mimi nauza miche. Kitalu changu kiko chini ya Ngara, karibu na Mto Nairobi. Simo ndani ya zile mita 30 za kando ya mto ambazo serikali iliamuru watu wazihame mwaka 2024, ila siko mbali nazo. Aprili ya mwaka huo mto ulipopanda ulibeba miche ya parachichi pamoja na mifuko yake, ukaniachia matope na kandambili za watu nisiowajua. Tangu hapo nimekuwa mteja wa kila kitu kinachodai kujua habari za mvua, cha bure na cha pesa.

Kifaa chenyewe nilikipata kwenye duka la pembejeo karibu na River Road. Kijana wa duka alikitoa rafu ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akaniuliza, "Mathe, hiki ni cha kupimia maziwa?" Ni mkebe wa plastiki angavu wenye mdomo wa sentimita 10, faneli juu yake, alama za milimita ubavuni mpaka 150, na kishikio cha kukifunga kwenye nguzo kwa skrubu mbili. Faneli hiyo si urembo. Inazuia maji yasirushwe nje matone yanapopiga kwa nguvu, na jua linapotoka baada ya mvua haliyanywi kabla hujasoma. Nilishawahi kununua kingine cha barabarani, chembamba, mdomo wa vidole viwili. Hicho kilikuwa pambo.

Kabla ya kukiamini nilikipima. Mkebe huu unapungua upana kuelekea chini, kwa hiyo alama zake haziwezi kunakiliwa kwenye rula, lazima mtu awe amezipigia hesabu kiwandani. Hesabu hiyo hata wewe unaiweza. Mdomo wa sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni mililita 78.5 za maji. Nilichukua bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, la mililita 20, nikajaza mara nne, la mwisho nikalipunguza kidogo, nikamimina. Changu kilisoma 10 barabara. Nilichomnunulia shemeji yangu, duka lile lile, rafu ile ile, kilisoma 9. Nilikichorea alama zangu kwa kalamu isiyofutika, na ndizo tunazotumia. Kwa bei hii sitapiga kelele, lakini usikifunge kabla ya kukipima.

Pa kukiweka ni jambo kubwa kuliko kifaa. Mti au nyumba iliyo karibu, pima urefu wake, kisha weka kifaa umbali wa mara mbili ya urefu huo au zaidi. Katika ploti za Nairobi, nafasi ya namna hiyo anayo mwenye uwanja wa mpira. Mimi nilibahatika kwa kuwa kitalu kiko wazi. Ninasoma saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa husoma vyao, namwaga, naandika kwenye daftari. Mvua ya rasharasha, milimita moja au mbili, huisomi vizuri kwenye mkebe mpana hivi. Kwangu si neno, maana rasharasha haijawahi kubeba mche wa mtu.

Msimu wa kwanza nilikuwa na hicho kimoja tu, pale kitaluni. Kwa kazi ya kumwagilia kilinifaa sana. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo nikiona 12 asubuhi najua kila tuta limepata lita 12 kwa mita na siwashi pampu. Mafuta ya pampu niliyookoa yalilipa kile kifaa mapema. Kwa habari za mto, lakini, hakikuniambia lolote. Kuna asubuhi kilisoma 4 na mto umejaa mpaka kwenye mizizi ya mkuyu. Siku nyingine kilisoma 38 na mto ukapita mwekundu na mpole. Maji yanayonipita hayakunyesha kwangu, yamenyesha magharibi. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na huku njiani unapokea vijito vingine, kama Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo zinazotoka pande za Kilimani na Kileleshwa. Upande huo uko juu, na unanyeshewa zaidi kuliko huku mashariki kwenye Embakasi na Njiru. Mimi niko katikati ya mteremko, na mvua inayonihusu mara nyingi siioni.

Ndipo nikampelekea shemeji cha pili. Anafuga ng'ombe Kikuyu na ana uwanja wa kutosha. Sasa jioni ya mawingu ananiandikia kwenye WhatsApp maneno mawili tu: "32, bado." Maana yake milimita 32 zimeshaingia na mvua haijakatika. Yeye hapendi maneno mengi, na kwa kazi hii ndiye mtu anayefaa.

Namba hiyo haisomwi peke yake. Milimita 30 za mwanzo wa Machi, ardhi ikiwa imepasuka kwa kiangazi, huishia udongoni. Milimita 30 zile zile mwisho wa Aprili, udongo ukiwa umeshiba, sehemu kubwa huteremka mtoni. Kwa hiyo kwenye daftari nina safu ya pili, jumla ya siku tano zilizopita za Kikuyu. Safu hiyo ikiwa nzito na shemeji akaandika 30 kabla ya saa mbili usiku, tunapandisha miche kwenye majukwaa na vijana ninawalipa ya usiku. Safu ikiwa nyepesi, nalala. Mpaka sasa daftari limenipa usingizi mwingi kuliko lilivyoninyima.

Bado kuna pengo, nalo ni la paa na lami. Kinamasi kule Ondiri kinashika maji na kuyaachia taratibu, lakini Kawangware na Lavington hazishiki kitu. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 30 linamwaga lita 3,000, na mitaa ile ina mapaa mengi kuliko miti. Mvua ikipiga hapo katikati, kati ya shemeji na mimi, mto unaweza kupanda kabla sijamaliza kunywa chai, na vipimamvua vyangu vyote viwili vimekauka. Ninatafuta mtu wa Kawangware mwenye uwanja. Wote ninaowajua huko wana varanda.

Mtu ataniuliza, mbona usumbuke hivi na utabiri uko bure kwenye simu? Ninautumia, na ninaupenda. Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, kwa kawaida huzungumzia zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Sasa kwa kuwa nina mkebe, namba hiyo naielewa kwa macho. Tahadhari ndiyo inayonifanya nimpigie shemeji nihakikishe amemwaga maji ya jana. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Ngong, hutoa utabiri wa msimu kwa nchi 11 za ukanda huu, na huo nausoma ninapoamua nioteshe miche mingapi kabla ya masika. Wakisema mvua ya msimu itazidi kawaida, naongeza grevillea. Ila utabiri wa msimu hauwezi kuniambia habari za usiku wa Jumanne, wala haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Google nao wana Flood Hub, ramani ya bure inayotabiri mafuriko ya mito mpaka siku saba mbele. Kwa mtu wa Garissa ni kitu cha maana sana. Mvua inyeshe Mlima Kenya na Aberdare, maji yashuke Tana kupitia mabwawa, yamfikie baada ya siku kadhaa, na muda wa kuhamisha mbuzi upo. Mto wangu mimi haufanyi mambo kwa siku. Unafanya kwa saa, na mafuriko ya jijini yanayotoka kwenye lami na mitaro iliyoziba ni mnyama mwingine kabisa, ramani ya mito haikukusudiwa kumwinda. Mteja wangu mmoja anayefanya kazi ya ramani za setilaiti alinieleza kwamba zile setilaiti za mvua za Marekani na Japani, GPM, zilizoanza mwaka 2014, huchora dunia kwa miraba ya takriban kilomita 10. Mraba mmoja wa hivyo unaweza kumeza Ngara na Lavington pamoja ukazipa mvua moja. Aliponiambia hivyo alikuwa ameshika miche miwili ya ndimu, akautazama mkebe wangu kwa heshima kidogo, kisha akaomba punguzo.

Ubaya wa kifaa, basi. Plastiki yake haipendi jua. Baada ya kiangazi kimoja changu kimeanza kuwa na ukungu mweupe, na alama za kiwandani zinafutika upande wa mashariki. Ukijani unaota ndani, na dawa yake ni brashi ya chupa ya mtoto. Siafu wanaipenda faneli. Cha shemeji ndama alikilamba mpaka kishikio kikapinda, ila hilo simlaumu mtengenezaji. Kisichosameheka ni skrubu zinazokuja nacho, ambazo zilishika kutu kabla masika haijafika nusu. Nunua zako za mabati kwa fundi, na kama kitalu chako kinapitiwa na watu kama changu, zifunge kwa kichwa cha ndani, kwani plastiki angavu yenye namba ina wapenzi wengi Ngara.

Nilipopita dukani mara ya mwisho walikuwa wamebakiza vichache na bei imefika 950. Omba cha mdomo wa sentimita 10, kifungue pale pale, ushikilie faneli uone kama inakaa sawa. Kati ya vile nilivyovishika, viwili vilikuwa na faneli zinazocheza, nikavirudisha kwenye rafu.