Nimejaribu njia nne kumzuia punda asimchanie mwenzake joho

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina simu wala spika ya kuwaonyesha. Niko nyuma ya nyumba hapa Newala, na kabla sijasema lolote naomba mkiangalie hiki kitambaa. Nakisogeza kwenye kamera... mnaona hapa? Uzi umevutwa kwanza, ndipo ukakatwa kwa meno. Hili lilikuwa joho, yaani kitambaa cha kumfunika mgongo, la punda wangu Kibibi. Aliyelichana ni huyo dume mnayemwona pale, Tajiri, ambaye akitenganishwa na Kibibi kwa nusu saa tu mtaa mzima unasikia kilio.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka: punda na joho wapi na wapi? Ndugu yangu, njoo Newala mwezi wa saba. Tuko juu ya uwanda wa Makonde, ukungu ukishuka asubuhi huoni mkorosho wa jirani. Na manyoya ya punda hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Ila sitaki kuwadanganya, sababu yangu hasa ilikuwa kidonda. Mnajua habari ya maji ya Newala, tunayafuata bondeni, kwenda na kurudi. Nikawa nampakia Kibibi madumu manne ya lita 20. Piga hesabu: kilo 80, kwa mnyama wa umbo lile ambaye 50 zinamtosha. Kosa ni langu. Mgongo ukachubuka, nzi wakajua kabla yangu. Bwana mifugo alipomtibu akasema apumzike, asipakiwe kitu, na nzi wasimkalie. Ndipo nikashona joho.

La kwanza nilishona kwa gunia. Siku mbili, kwisha! Upindo wote wa chini umetafunwa. Nikamlaumu Tajiri mpaka nilipolinusa lile gunia: lilikuwa la pumba. Yaani nimemvalisha Kibibi chakula halafu namgombeza mwenzake kwa kula. La pili nikashona kwa turubai. Hilo nalo likachanwa, ila safari hii si kwenye upindo. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa bidhaa. Kule Uingereza, ambako farasi wanavalishwa majoho kwa sababu ya baridi na mvua, hili la mmoja kumchania mwenzake ni tatizo la kila siku, na wanauziwa dawa chungu za kupuliza na vikapu vya mdomoni. Nikaagiza dawa ya kupuliza, ikafika kwa basi. Kampuni siitaji. Kilichomo ni denatonium, kitu kichungu kupita kiasi; nilipuliza upepo ukanirudishia, chai ya jioni ile sikuinywa. Je, imefanya kazi? Imefanya, siku mbili. Siku ya tatu ukungu ukalowesha joho, na Tajiri akarudi kazini. Kwa sehemu kavu labda. Kwa Newala, hapana, kila siku utakuwa unapuliza hela.

Pilipili kichaa nilitwanga nikachanganya na mafuta ya kula. Hii msijaribu kabisa. Tajiri aliacha, ndiyo, lakini Kibibi aligeuza shingo kujikuna ubavuni, jicho likapata. Ule ukali hauyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo nimemwagia maji weee, machozi bado yanatoka. Na hapo kuna kidonda jirani. Sifuri. Na wewe unayetaka kuandika kwamba oili chafu ya gari ndiyo kiboko, hapana, ile ni sumu, na Tajiri angeiweka mdomoni.

Tatu, shubiri. Bibi yangu alicheka aliponiona nachuma: "Mjukuu wangu, unamwachisha nani ziwa?" Kweli, ni ileile ambayo mama wengi walijipaka kwenye ziwa kutuachisha. Nikakamua majani, nikapaka kwenye turubai. Tazameni hii video niliyorekodi: Tajiri anasogea, anang'ata, anasimama. Mdomo wa juu unakunjwa mpaka puani, meno yote nje, kama mtu aliyekosewa adabu. Halafu, mnaona? Anahamia sehemu ambayo sikuipaka. Sita kwa kumi, maana ni bure.

Nne, kikapu cha mdomoni. Cha kwanza nilisukiwa cha ukili, kizuri kweli, kakila. Cha pili ni cha kamba ya nailoni, matundu yanatosha kunywea maji. Hiki kinazuia asilimia mia, lakini punda ni mnyama wa kutafuna nyuzinyuzi karibu kutwa nzima; ukimfunga mdomo siku nzima unamtafutia maradhi ya tumbo. Mimi namvalisha saa moja, mbili, nikiwepo hapahapa, basi.

Sasa turudi kwenye lile joho la turubai. Niliyaweka matatu yaliyoharibika chini, la gunia na mawili ya turubai, nikayapanga. Yote ya turubai yamechanika mahali pamoja: hapa, juu ya mabega, shingo inapoanza. Nikakumbuka kwamba kabla ya kidonda hawa wawili walikuwa wakisimama kichwa kwa mkia, kila mmoja anamkuna mwenzake kwa meno palepale. Punda hapafikii pale mwenyewe. Kwa hiyo Tajiri alikuwa anaendelea kumkuna rafiki yake, na mimi nimemwekea turubai katikati! Sisi tunasema asante ya punda ni mateke, na huyu mimi ndiye niliyemfikiria vibaya.

Baada ya hapo nilifanya mambo mawili. Nimepigilia brashi ngumu ya kusugulia sakafu kwenye nguzo ya zizi, usawa wa bega. Na kila jioni namvua Kibibi joho, nawaacha wakunane nikisimamia, asije akafika kwenye kidonda. Majani makavu hayakosekani mbele ya Tajiri, maana akiwa hana cha kutafuna atatafuta. Joho la sasa lina wiki tano, lina tundu moja, la msumari.

Mtakaouliza kwenye maoni wapi pa kushona: nenda kwa fundi wa viti vya bodaboda, mashine yake inapita turubai. Mwambie mshono usipite juu ya mabega, maana jino linaanzia kwenye uzi, na mikanda ya tumboni iwe ya kufungua haraka. Pima kuanzia katikati ya kifua, pita ubavuni, mpaka mwanzo wa mkia. Kibibi ana sentimita 115. Wa kwako mpime mwenyewe.