Kibanda cha vitumbua, kivukoni Pangani: wahi kabla ya saa moja na nusu

Nianze na lawama kabisa. Chai ni tamu kupita kiasi. Benchi la upande wa mto lina mguu mmoja mfupi, mwenzako akiinuka ghafla unamwagikiwa. Na ikifika saa moja na nusu asubuhi vitumbua vimekwisha, hata uwe nani. Basi, lawama zangu zimeishia hapo.

Kibanda kiko upande wa mjini, hatua chache kutoka pale pantoni inapoegesha ikitoka Bweni, ng'ambo ya mto. Hakina kibao. Uliza kwa Bi Mkubwa. Kitumbua shilingi 200, chai ya rangi yenye iliki 300, sahani ya mihogo ya nazi 1,000. Vitumbua ni vya mchele uliolowekwa usiku kucha, si vya unga wa dukani: pembeni vimekauka kidogo, ndani vina vitundu vinavyokunywa chai. Mihogo inachemkia kwenye tui jepesi, tui zito linamiminwa mwishoni, moto umeshapunguzwa, lisije likakatika.

Nayajua hayo kwa sababu nimeyatolea jasho. Nililetwa Pangani kufundisha, kwetu Njombe, huku simjui mtu. Siku mbili za mwanzo nilikula, nikalipa, nikaondoka. Siku ya tatu Bi Mkubwa akanisukumia mbuzi na nazi mbili zilizokwisha vunjwa. "Mwalimu, jembe lako hilo." Kibanda kizima kikacheka. Mimi mbuzi ninayemjua ana miguu minne na anakula majani! Nilikuna mpaka nikafika kwenye kifuu, tui likatoka na rangi ya vumbi. Watu walikula vilevile; mvuvi mmoja akasema leo mihogo ina ladha ya Njombe. Tangu hapo kila nikiwahi, nazi ni zangu.

Mshahara wangu wa kwanza ulichelewa miezi miwili. Sikumwambia mtu, ila huu ni mji ambao ukikohoa, ng'ambo Bweni wanakupa pole. Asubuhi moja nikapita bila kusimama, nimeona aibu. Bi Mkubwa akaniita kwa sauti iliyofika hadi kwenye pantoni: "We mwalimu, unafunga mwezi gani huu?" Akanikalisha, akafungua daftari lake, akaandika.

Sasa, Bi Mkubwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alivyofundishwa chuoni, yaani madrasa, utotoni. Kwa hiyo deni langu mwenyewe sikuweza kulisoma. Mshahara ulipoingia nikaenda kulipa. Akapitisha kidole kwenye ukurasa taratibu, akataja 38,000. Kwa hesabu yangu, na hesabu ndiyo somo ninalofundisha, haikuwa chini ya 65,000. Nikabisha. "Hesabu zako za shuleni, mwanangu. Hizi za kwangu." Nikamwomba mwalimu wa madrasa, aliyekuwa akinywa chai pembeni, anisomee. Akavaa miwani. Hapakuwa na jina langu, juu pameandikwa "mkuna nazi", na kila siku niliyokalia mbuzi ilikuwa imekatwa mstari. Alikuwa ananilipa kibarua bila kuniambia, na mimi miezi miwili nikijiona ombaomba. Nilimaliza chai yangu nikiwa nimeangalia mto.

Nilipolala na malaria siku tatu, uji wa pilipili manga ulifika mlangoni kwenye chupa ya chai, umeletwa na mwanafunzi wangu wa darasa la nne ambaye, nadhani, alifurahi kidogo kuniona siwezi kusimama.

Ramadhani asubuhi hafungui, usijisumbue. Magharibi mkeka unatandikwa nyuma ya kibanda, na mimi Mlutheri nina nafasi yangu pale, kati ya yule mvuvi na fundi baiskeli. Tambi za nazi za futari ndizo bora kuliko kitu chochote anachouza mwaka mzima, na haziuzwi.

Ukienda, amkia kwanza ndipo uagize. Asiyeamkia anahudumiwa wa mwisho, nimeona kwa macho yangu. Na beba chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi pale ni kesi: ataikataa, atakuandika daftarini, na hutajua umeandikwaje.