Rili ya kuvulia baharini Tanga: kabla hujalipa, itazame rola ya uzi

Kusi likianza kulegea na watu wa Raskazone na Sahare wakarudisha boti majini, malalamiko huwa yale yale. Rili, kile chombo cha fimbo kinachoviringa uzi, ya mwaka jana inapiga kelele, uzi unajisokota, na nguru wa kwanza wa maana anakata na kuondoka na chambo. Mwenye rili analaumu uzi, muuzaji analaumu mvuvi. Mara nyingi kosa liko kwenye kipande kidogo kuliko korosho, na lingeonekana dukani ndani ya dakika moja kama mnunuzi angejua pa kutazama.

Kwa hiyo hapa sizungumzii rangi, wala uzito, wala mpini ukizungushwa mara moja unavuta uzi kiasi gani. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Saizi nayo haina mjadala mrefu: kwa boti ndogo kati ya visiwa vya Ulenge, Toten na Yambe, kwa kolekole, changu na nguru wa kawaida, chukua 4000 hadi 5000.

Tazama mwisho wa ule upinde wa waya unaoufungua kabla ya kurusha. Hapo pana kigurudumu kidogo cha chuma, ndiyo rola ya uzi. Kila mita ya uzi inayoingia kwenye spuli, pale uzi unapoviringwa, inapita juu yake, na kila mita anayoivuta samaki inapita hapo hapo kwa kasi. Kwa kawaida ndani yake kuna beringi moja nyembamba. Uzi wa kusuka unabeba maji mengi kuliko nailoni, na maji ya bahari yana chumvi ya kama gramu 35 kwa lita. Uzi ukikunja kona pale, maji yanakamuliwa moja kwa moja juu ya beringi. Jioni yanakauka, chumvi inabaki. Safari kumi baadaye golori zimeshika kutu na rola imegoma. Rili inaendelea kuzunguka vizuri tu, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Lakini sasa uzi hauviringishi tena, unasugua. Unasugua palepale siku zote mpaka unachimba mfereji kwenye chuma, na nguru akikimbia uzi unapata joto, nyuzi zake zinachanika moja moja, kisha zote.

Jaribio la dukani ni hili. Nenda na makapeni na nusu mita ya uzi wa kusuka. Weka nukta kwenye rola. Pitisha uzi juu yake kama unavyopita kawaida, ukunje kona kama ya herufi L, ushike ncha zote mbili, uvute huku na huku polepole. Nukta lazima izunguke pamoja na uzi hata ukivuta kwa nguvu ndogo. Halafu kaza mikono na uvute tena, kwa sababu kuna rola zinazozunguka vizuri mikono ikilegea na kusimama zikibanwa. Uzi ukiteleza huku nukta imetulia, rudisha rili kwenye boksi. Mwisho hakikisha rola imefungwa kwa skrubu inayoonekana, ya bisibisi ya kawaida au funguo ya pembe sita. Ikiwa imepigwa ribiti hutaweza kuifungua, na rola usiyoweza kuifungua haifai kwa chumvi.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Penn Spinfisher VI, saizi 4500. Napendelea Penn na sioni sababu ya kulificha hilo. Mwili ni wa chuma, breki, inayoachia uzi kidogo kidogo samaki akivuta, ina washa za kaboni, na mwili pamoja na spuli vimezibwa kwa kiwango cha IPX5. Maana yake ilipigwa maji kwa bomba kutoka kila upande, lita 12.5 kwa dakika, yasiingie kwa kiasi cha kudhuru. Kwenye boti ya futi 16 inayorudi nyumbani huku mawimbi yakipasukia omo, yaani mbele ya boti, huo ndio usumbufu hasa ambao rili inaupata. Ila soma vizuri: kipimo hicho ni cha maji ya kawaida, si cha kuzamishwa, na ni cha mwili na spuli. Rola iko nje. Hata kwa Spinfisher, rola ni kazi yako. Kinachonivutia zaidi ni karatasi ya mchoro wa vipuri iliyomo kwenye boksi, kila kipande na namba yake. Beringi ya rola ikifa unaagiza kwa namba, hubahatishi.

Ya pili ni Penn Battle III, 4000 au 5000. Mwili ni wa chuma vilevile na washa za breki ni zile zile za kaboni, ila haikuzibwa. Bei yake ni ya chini kuliko ya Spinfisher. Anayevulia gatini, au anayetoka mara mbili kwa mwezi bahari ikiwa shwari, achukue hii na tofauti ya bei anunulie beringi mbili za akiba na uzi mzuri.

Daiwa BG 4000 ni rili imara, gia zake kubwa na laini. Naiweka ya tatu kwa sababu haikuzibwa na vipuri vyake ni vigumu zaidi kuvipata huku. Shimano Saragosa SW ni nzuri mno, lakini inaanzia saizi ya 5000 na bei yake ni ya kumfukuza jodari, si changu wa Toten.

Za bei ya chini sana zina neno moja tu. Ukilazimika, tafuta yenye bushi ya plastiki, yaani pete isiyo na golori, ndani ya rola badala ya beringi isiyozibwa. Bushi haishiki kutu.

Usinunue seti za fimbo na rili zenye picha ya bass kwenye boksi. Bass ni samaki wa maji baridi, asili yake Marekani. Kenya wanaye Ziwa Naivasha, alikopandikizwa miaka ya 1920. Rili yake haikosi kitu ikiwa ziwani. Huku bahari inaimaliza ndani ya msimu mmoja, na muuzaji anajua, kwa sababu anayoiuza haivulii yeye. Wauzaji wanakera pia kwa hesabu ya beringi. Boksi linapigwa chapa ya beringi 13, mnunuzi anaongezewa bei, na ukifungua zimejazwa kwenye mpini zisikofanya kazi huku rola ikiwa na bushi. Uliza dukani beringi ya rola kama ipo peke yake. Utaambiwa nunua rili nyingine. Mtu anatupa rili ya laki kadhaa kwa ajili ya kipande kinachotoshea kwenye kucha!

Ukishanunua, kila safari fanya hivi. Kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye washa, kisha imwagie maji ya kisima au bomba kwa utaratibu, kama unavyomwagilia mche. Usiizamishe kwenye ndoo, usitumie mpira wa kasi, maana unaisukuma chumvi ndani. Zungusha rola kwa kidole huku maji yakipita. Kausha kivulini, legeza breki, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye rola. Yanapatikana Ngamiani kwenye duka lolote la vifaa vya mafundi nguo. Mafuta ya nazi au ya kula yanaganda au kunata.

Kwenye boti usiilaze rili kwenye ngama, sehemu ya chini yanakotuama maji. Maji ya pale yana chumvi na petroli, na petroli inaosha grisi yote. Boti ikielea bila nanga, vulia upande wa joshi, unaopigwa na upepo, ili uzi uende mbali na boti. Ukivulia upande wa demani, usiopigwa na upepo, boti inaupanda uzi, fimbo inagonga ubavu, na upinde wa waya ukipinda milimita moja tu rola haikai tena sawa na uzi. Breki ipime kwa mizani ya mkono: uzi wa kilo 10 uanze kutoka kwa kilo 2.5 hadi 3.

Siku ya kufungua rola, tandika kitambaa cheupe, piga picha kwa simu kila hatua. Kuna washa mbili au tatu nyembamba, na moja ikigeuzwa upande rola inagoma hata kwa beringi mpya. Osha beringi kwa mafuta ya taa, ikaushe, izungushe kwa kijiti. Ikikwaruza, usiirudishe.