Uzoefu wangu na gitaa la umeme la kuchongewa na fundi (sio la dukani)

Naanza na hitimisho kabisa maana najua wengi hamsomi mpaka mwisho: kama unapiga gitaa la umeme kwa siriasi na la dukani limeshakuchosha mkono, katafute fundi wa kutengeneza kwa mkono, ila atafutwe yule aliyeanzia kwenye kuripea magitaa ya watu. Hilo la kuripea ndo nalisisitiza.

Mzee aliyenitengenezea mimi, kabla hajauza gitaa lake la kwanza alikaa miaka mingi kwenye benchi la ripea, kung'oa freti zilizolika (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), kunyoosha shingo zilizopinda, kupiga solda pikapu zilizokufa (zile sumaku zenye koili za waya zinazonasa sauti ya nyuzi), yaani magitaa ya kampuni zote kubwa yamepita mkononi kwake yakiwa wagonjwa. Mtu kama huyo anajua gitaa litasumbua wapi hata kabla hajashika randa. Na wakubwa wa hii kazi nao njia yao ni hiyohiyo, Leo Fender kule Marekani alikuwa fundi redio, gitaa lenyewe hakujua kulipiga, lakini lile wazo la shingo ya kufunga kwa skrubu, ikiharibika unafungua unaweka nyingine, ni akili ya fundi ripea kabisa. Ndo tukapata magitaa yake ya Telecaster na baadae Stratocaster ya 1954. Paul Reed Smith naye alianza kwa kuripea na kutengeneza moja moja, anazibeba anaenda nazo nyuma ya jukwaa kuwaonyesha wanamuziki mmojammoja, Carlos Santana akiwemo, mpaka 1985 ndo kampuni yake ikaanza.

Sasa turudi kwenye langu. Nilifika na picha kibao kwenye simu, rangi hii, mbao ile, mzee hata hakuziangalia, akasema "mwanangu weka simu, kaa upige." Nikapiga. Muda wote anaangalia mkono wa kushoto tu, hasa kidole kidogo, halafu ndo akaanza kuuliza napiga muziki gani, nyuzi namba ngapi (yaani unene wake), napenda kuvuta nyuzi au napiga kodi zaidi (noti kadhaa kwa pamoja). Mwisho akaamua urefu wa nyuzi, ile sehemu inayotetemeka, uwe milimita 635. Kwa wasiojua, magitaa ya Fender mengi yana 648, ya Gibson, kampuni nyingine kubwa, yako kwenye 628 hivi, na 635 ndo aliyoichagua Paul Reed Smith, iko katikati. Ukirefusha, uzi unakaza zaidi kwa noti ileile na freti zinaachana, ukifupisha uzi unalegea na vidole vinafika kirahisi. Zile milimita chache kwenye karatasi hazina maana yoyote ila mkononi utazisikia tu, mi kodi za kutanua vidole zilizokuwa zinanitesa sasa hivi napiga bila kuwaza.

Ila jamani freti. Hapa ndo nilielewa hela inaenda wapi. Nafasi zake zinapigwa hesabu, unagawa urefu wa uzi kwa 17.817 unapata freti ya kwanza, kwa hiyo kwenye langu ni kama milimita 35.6 kutoka kwenye nati (kile kipande cha juu ya shingo nyuzi zinapopita), halafu unachukua urefu uliobaki unagawa tena hivyohivyo, ukifika ya 12 lazima iwe nusu kamili. Hesabu hata kompyuta inafanya, kinachobaki ni mkono. Nilimkuta siku moja anasawazisha, amepaka vichwa vya freti zote wino wa maka pen, akapitisha tupa ndefu bapa kutoka juu mpaka chini taratibu, akasimama akaangalia, freti mbili za katikati zina wino bado, maana yake hizo ziko chini kuliko wenzake. Akapitisha tena, bila kukandamiza, mpaka wino ukaisha sawa kote, ndo akaanza kuzirudishia umbo la mviringo moja moja kisha msasa laini. Ncha za pembeni nazo akaziviringisha zote, ukipitisha kiganja hakuna kinachokwaruza. Hiyo ndo inafanya nyuzi zikae chini kabisa na hazipigi kelele za freti.

Pikapu kazungusha mwenyewe. Waya ni mwembamba kama unywele, milimita 0.063 hivi, koili moja ya kawaida inakula mizunguko kama 8,000, mashine inazungusha na kuhesabu lakini waya anauongoza kwa vidole. Ya upande wa briji (kule chini nyuzi zinakokaa kwenye mwili wa gitaa) nilitaka hambaka, ile ya koili mbili ambayo Seth Lover aliitengeneza Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo wa umeme, na kweli ukiwasha ampu yenye distoshen (ile sauti ya kukwaruza ya roki) pako kimya. Ya shingoni tuliacha koili moja, inavuma kidogo ndio, lakini sauti yake safi jamani acha tu.

Malalamiko ninayo. Meseji hajibu, mpaka umfuate. Muda aliosema ukapita, na pita kweli, kwa sababu vanishi iligoma kukauka vizuri na akakataa kunipa hivyohivyo hata nilipombembeleza, kwa hiyo kama una shoo karibu usimtegemee. Na gitaa ni zito, shoo ndefu bega linauma.

Nampa 9 kati ya 10. Ukienda kwa fundi yeyote usiombe kuona magitaa mapya yanayong'aa, muombe akuonyeshe la mteja lililopigwa miaka na akaliwekea freti upya, lishike, bonyeza kila freti kwenye kila uzi kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Noti ikifia hata sehemu moja, aga uondoke.