TAHADHARI kwa wapenda magari ya zamani: ukiambiwa "ziko 602 tu duniani" uliza kwanza ni za mwaka gani

Jamani habari zenu. Hii naandika hasa kwa ndugu zetu tulioko huku Marekani, madereva wa semi wenzangu na wote mnaopenda haya magari ya zamani ya milango miwili, Camaro ya Chevrolet, Mustang ya Ford, Firebird ya Pontiac na wenzao, maana kuna mtu anazunguka anatuuzia namba badala ya gari na mimi ameshanipiga. Jina sitaji kwa sababu suala liko kwa wakili, ila nitaeleza alivyonifanyia hatua kwa hatua ili likija kwako ulitambue mapema.

Nakaa Ohio, huu ni mwaka wa 9 niko barabarani. Nikiwa mdogo Tanga kulikuwa na kalenda ukutani kwenye gereji ya baba mdogo, ina Camaro ya 1969 ya bluu na mistari miwili myeupe kwenye boneti, na mimi kila nikitumwa pale nasimama naiangalia mpaka naitwa. Kwa hiyo mwezi wa 3 dalali mmoja, mwenzetu kabisa, Kiswahili safi, aliponipigia akasema kaka kuna mzee Indiana anaachia Z/28 ya 1969, lile toleo la Camaro lenye injini ya mashindano, na anataka mtu atakayeitunza, mimi moyo ulishaondoka. Picha zikaja: bluu ileile, mistari ileile, imesimama kwenye sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, mbele yake ubao umechapwa vizuri kama wa maonyesho, umeandikwa Z/28, namba zote zinaendana (yaani injini ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani), moja kati ya 602. Bei dola 58,000. Nikaingia kwenye simu nikatafuta Z/28 602, ikaja kweli, 602. Nikaridhika.

Hapo ndipo nilipoliwa, naomba msome kwa makini. 602 ni namba ya kweli lakini ni ya Z/28 za 1967, mwaka wa kwanza. Mwaka ule karibu hakuna aliyeijua, Chevrolet walikuwa wanataka gari ya kuingiza kwenye mashindano ya Trans-Am ambako injini ilikuwa mwisho inchi za ujazo 305, ndiyo wakaunda injini ya 302, tundu la silinda la inchi 4 kama la injini yao ya 327 na mwendo wa pistoni wa inchi 3 kama wa ile ya 283, jamaa mmoja pale Chevrolet anaitwa Vince Piggins ndiye aliyesukuma hiyo kitu. Mwaka 1968 zikatoka 7,199. Mwaka 1969, baada ya Mark Donohue na timu ya Roger Penske kuichukulia Chevrolet ubingwa, zikatoka 20,302. Elfu ishirini! Camaro zote za 1969 zilikuwa 243,085, ina maana katika kila 12 moja ilikuwa Z/28. Bado ni gari tamu na bado ina thamani kubwa, sisemi haina, lakini 602 na 20,302 ni mbingu na ardhi, na mimi nililipia bei ya mtu aliyeaminishwa kwamba anakaribia kununua kitu kisichopatikana.

Na kama ingekuwa Z/28 kweli ya zile 20,302 hata nisingeandika hapa, ningenyamaza na gari yangu. Haikuwa Z/28.

Nilipofika nayo nyumbani kuna mzee jirani yangu Mmarekani, alifanya kazi kiwanda cha Norwood pale Cincinnati miaka mingi kabla hakijafungwa 1987. Nikamwita aje aone, nilikuwa na furaha hata chakula sili. Akaja, hakufungua boneti, akainama kwenye kioo cha mbele upande wa dereva ilipo namba ya chesesi, akaisoma, akanyamaza. Inaanza 124379L. Akanielekeza: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni koupe, 9 ni 1969, na L ni kiwanda cha Los Angeles. Ingekuwa N ingekuwa ya kwao Norwood. Halafu ndipo akasema fungua boneti, akaangalia kile kibati kilichogongwa riveti kwenye ukuta wa injini, kimeandikwa NOR na kina X33. X33 ni alama ya Z/28, na hizo alama za X zilikuwa zinapigwa Norwood peke yake, tena kuanzia Desemba 1968. Los Angeles hawakuzitumia. Kwa hiyo gari imezaliwa Los Angeles, kibati kimezaliwa Norwood. Aliyekibandika hakujisumbua hata kutafuta kinachofanana, alijua mnunuzi hataangalia, na kweli sikuangalia.

Hivi vibati vinachapwa vipya na kuuzwa, mtu anaagiza anaandikiwa anachotaka, sikulijua hilo kabisa.

Tukaendelea. Kwenye bloku ya injini mbele upande wa abiria, chini kidogo ya silinda hedi, kuna sehemu bapa imegongwa tarehe na herufi DZ, ambazo ndizo za 302 ya 1969, na pembeni kipande cha namba ya chesesi yangu kabisa. Hiyo ndiyo alinipigia picha akanitumia kama ushahidi kwamba namba zinaendana. Mzee akapitisha kidole akasema pale kiwanda kinaacha michirizi midogo ya mashine inayokwenda mbele na nyuma, hapa pamelainishwa kwa msasa, namba zimegongwa juu ya chuma kipya. Akachukua tochi na kioo, akaenda nyuma ya bloku karibu na inapoungana na gia boksi, kuna tarehe ya kumwagwa chuma, herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwaka. Ikasoma C 12 4. C ni Machi, tarehe 12, 1974. Bloku imemwagwa miaka 5 baada ya gari, halafu naambiwa ndiyo iliyotoka nayo kiwandani.

Na kitu cha mwisho ndicho kilichoniuma zaidi kwa sababu ni kitu ambacho hata mimi ningekiona kama ningejua. Kwenye ukuta wa injini upande wa abiria kuna mahali pamezibwa bati na kupakwa rangi, panalingana na yanapopita mabomba ya eyakondisheni. Z/28 za 1967 mpaka 1969 hazikuuzwa na eyakondisheni, wala na gia za otomatiki, zilikuwa manyuo ya gia 4 tu. Sasa gari yangu iliwahi kuwa nayo. Ni Camaro ya kawaida ya V8, nzuri, haina kutu, mtu mkweli angeiuza kwa bei yake na angepata mteja, nisingekuwa na neno.

Nikampigia dalali, akasema mtafute muuzaji. Muuzaji akabadilisha wimbo, eti 602 ilikuwa makosa ya mchapaji, ila kwa rangi hii na viti hivi na ekseli hii ziko 14 tu. Hili naomba mlishike kabisa. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani miaka ile kampuni haikuhifadhi rekodi ya gari moja moja, zinajulikana jumla tu, ngapi zilikuwa Z/28, ngapi SS (toleo lingine la nguvu), ngapi za kufunguka juu. Hakuna wa kukaa akajumlisha rangi na viti na ekseli akapata 14. Zilizouzwa mpya Canada ndizo zina karatasi, GM ya Canada wanazo. Ford ni tofauti, Mustang ya kuanzia 1967 unaipata kwenye ripoti ya Marti kwa namba ya chesesi, inakuambia ilivyotoka kiwandani na wenzake ni wangapi. Chrysler nao, Plymouth na Dodge, herufi ya 5 kwenye namba ya chesesi ni ya injini, kwa za 1970 na 1971 R ni Hemi, ile injini yao kubwa, kwa hiyo ni vigumu zaidi kudanganya. Camaro ya 1969 namba ya chesesi haikuambii kama ni Z/28 au SS, inakuambia V8 basi, na ndiyo maana matapeli wameikalia.

Unachoweza kudai kwa Camaro ni karatasi za gari lenyewe: ile ya kiwandani inayokutwa mara nyingi juu ya tangi la mafuta, stika ya bei ya dukani, au kile kijibati cha chuma cha kwenye kitabu cha waranti ambacho kina alama ya injini. Hata hizo zinaghushiwa, zipelekeni kwa mtu anayejua. Na Norwood ya kabla ya Desemba 1968 inaweza kuwa Z/28 halali na kibati hakina X yoyote, msije mkamkataa mtu mkweli kwa kosa langu.

Sasa kwa nini wakili anasema kesi ni ngumu. Karatasi ya mauziano niliyosaini imeandikwa "Chevrolet Camaro 1969, inauzwa kama ilivyo". Z/28 haipo. 602 haipo. Namba kuendana haipo. Vyote vilikuwa kwenye ubao, kwenye simu na kwenye mdomo wa dalali. Bahati yangu ubao niliupiga picha na meseji za dalali ninazo zote, wakili ameshikilia hapo. Nyie msisaini mpaka neno Z/28, au SS, au lolote lile unalolilipia, liandikwe kwenye mauziano na kwamba isipokuwa hivyo pesa inarudi. Akikataa kuandika, ondoka, hata kama ameshachukua kishika uchumba.

Nimeandika leo na sikungoja kesi iishe kwa sababu wiki iliyopita nimeona tangazo jipya kwenye grupu la madereva, sakafu ileile ya vigae vyeusi na vyeupe, ubao uleule, safari hii ni Pontiac Trans Am (toleo la Firebird) ya 1969, moja kati ya 697. Namba ya kweli tena, 689 za bati juu na 8 za kufunguka, mwaka ndio huohuo. Lakini Pontiac zina PHS (Pontiac Historic Services, wenye rekodi za kiwanda), unawapa namba ya chesesi wanakutolea kopi ya ankara ya kiwandani, inaonyesha kama ilitoka Trans Am au ni Firebird ya kawaida iliyopakwa mistari. Nimetumia simu ya mdogo wangu nikamwomba dalali namba ya chesesi nimlipie PHS mwenyewe. Siku ya 6 leo hajajibu, na tangazo bado liko hewani, anataka dola 3,000 za kushikilia gari kabla ya Jumamosi.

Aliyeshatuma hiyo 3,000 anitafute inboksi, wakili wangu anataka kuongea na wewe.