Sakafu ya mzinga wa nyuki: ipi ununue, ipi umwachie fundi

Mtu akienda kununua mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu za kuinuliwa, iwe ni kwa fundi wa jua kali Nakuru au pale Kibuye mjini Kisumu, huuliza bei, huinua kifuniko, huhesabu fremu, kisha huita bodaboda. Ni nadra aupindue atazame chini. Na huko chini ndiko kila kitu huishia: maji ya mvua, vumbi la nta, nyuki waliokufa, mayai ya nondo. Mlango wa nyuki nao uko hapo hapo. Sakafu mbovu hujificha kiangazi chote, hadi mvua ya Aprili ipige, ubao uvimbe, na nyuki wafunge virago.

Huko kuhama ndiko kunakofanya orodha yangu hii ya sakafu isifanane na ya muuzaji wa Uingereza. Nyuki wetu hawabembelezwi. Wakipigwa na upepo kutoka chini, siafu wakiwaingilia, au wewe mwenyewe ukiwavurugavuruga, wanaondoka na kukuachia masega matupu. Ulaya na Marekani sakafu ya wavu husifiwa sana kwa sababu ya varoa, wale utitiri wanaonyonya nyuki: baadhi yao wakianguka hupita kwenye wavu na kutoka nje. Varoa walitambuliwa Kenya mwaka 2009 na wamo mizingani mwetu, lakini nyuki wa hapa wamekuwa wakiishi nao bila dawa. Sioni kwa nini ulipe zaidi kwa ajili ya adui ambaye nyuki wanammudu, halafu siafu, nondo na unyevu uwaachie njia.

Jambo moja kabla ya kutoa pesa: kama ploti yako ni ya hamsini kwa mia katikati ya mtaa, usinunue sakafu wala mzinga. Nyuki hawa ni wakali. Nyuma ya nyumba, kwa maana yangu, ni shamba lenye nafasi na ua mrefu wa miti kati ya mzinga na njia ya watu, mbali na ng'ombe aliyefungwa kamba.

Nafasi ya kwanza: ubao mzima usiopigiliwa

Hii ndiyo ningempa mtu wa Nakuru, Njoro, Molo, Bungoma au Kakamega. Ni ubao usio na tundu, uliozungushiwa vipande vyembamba vya mbao pande tatu. Upande wa nne ndio mlango. Sanduku la nyuki linakaa juu yake bila msumari hata mmoja, kwa hiyo siku ya kusafisha unainua sanduku, unatoa sakafu chafu, unaweka nyingine.

Vipimo usimwachie fundi akisie. Sanduku la fremu kumi lina urefu wa inchi 20 na upana wa inchi 16 na robo, kwa nje. Sakafu ifuate upana huo huo, lakini urefu ufike inchi 22 hivi ili mbele pabaki kibaraza cha nyuki kutua. Ikizidi upana, mvua itatuama kwenye ukingo na kupenya ndani.

Wapo mafundi wanaoitengeneza ya kugeuza: upande mmoja vipande vya pembeni vina kimo cha milimita 9 au 10, upande wa pili karibu mara mbili ya hapo. Chukua hiyo wakiwa nayo, na utumie upande mfupi. Nyuki anapita bila shida mahali pa milimita 8 au 9. Panya hapiti, mjusi mkubwa hapiti, na yule nondo mnene mwenye alama ya fuvu la kichwa mgongoni, anayeingia usiku kunyonya asali, hapiti pia. Omba na kizibo cha mlango, kijiti tu chenye pengo dogo katikati. Kundi likiwa bado changa, walinzi ni wachache, na mlango wenye upana wa mzinga mzima hawauwezi.

Mbao nzuri ni saiprasi iliyokauka, unene wa inchi moja. Mgrevilea ni rahisi zaidi, ila usipokaushwa vizuri hupinda. Plaiwudi ya kawaida hubanduka tabaka kwa tabaka, na emdiefu, ile mbao ya unga uliogandishwa, ikinywa maji mara moja imekwisha. Kujua kama ubao ni mbichi, unyanyue: mbichi una uzito usioeleweka, na palipokatwa pana ubaridi ukiweka kiganja. Halafu weka sanduku juu ya sakafu hapo hapo dukani, ubonyeze pembe mbili zinazotazamana. Likicheza, rudisha. Lisipocheza, inama utazame kutoka upande wa pili kukiwa na jua. Mahali unapoweza kupenyeza kadi ya benki, nondo wa nta atapenyeza mayai yake.

Rangi ipakwe nje tu. Ndani ubao ubaki mtupu. Oili chafu ya gari, ambayo watu hupaka mbao ili mchwa wasile, haina kazi mahali nyuki wanapokanyaga.

Nafasi ya pili: wavu wenye trei

Kisumu, Ahero, Busia, huko joto ni la kweli. Nyuki hulea majana, yaani watoto wao, kwenye nyuzi joto 34 hadi 35, na mchana ukiwaka utawaona wamejazana nje ya mlango kama ndevu, wengine wamepanga mstari wakipepea mabawa. Hapo sakafu ya wavu inasaidia hewa kupita. Lakini dawa ya kwanza ya joto ni kivuli: mwembe, au bati lililoinuliwa kidogo juu ya kifuniko. Ukishaweka kivuli na bado nyuki wanalala nje, nunua wavu.

Nunua ule tu wenye trei inayoingia kwa nyuma na kuziba kabisa. Usiku wa mvua unaifunga. Mchana wa Februari unaivuta. Wavu ulio wazi moja kwa moja usikupe tamaa, na Molo usifikirie kabisa: baridi ya alfajiri kule itawatesa majana.

Kosa kubwa liko kwenye wavu wenyewe. Ukienda hadiwea kuomba wavu mdogo, mara nyingi utaonyeshwa ule wa kuanikia kahawa. Weka rula juu yake uhesabu matundu kwenye inchi moja. Yakiwa matano, nyuki mfanyakazi anajibana na kupita, kwa hiyo umemfungulia mlango wa pili ambao hana walinzi wa kuulinda. Unataka manane kwa inchi. Wavu wa mbu nao ni mwembamba mno. Vumbi la nta huuziba, na gundi ya nyuki humalizia kazi. Wa kuku hata usiuguse.

Watu wengine humimina mafuta ya kupikia kwenye trei ili wale mbawakawa wadogo weusi wa mizingani wazame. Inafanya kazi, ila trei ikiinama mafuta yanamwagika. Mbawakawa hao ni wenyeji wa Afrika, na kundi lenye nguvu huwakimbiza hadi kwenye kona na kuwazibia humo kwa gundi. Mzinga uliojaa mbawakawa una tatizo la kundi dhaifu, na hilo trei haiwezi kulitibu.

Nafasi ya tatu: sakafu ya KTBH (Kenya Top Bar Hive)

Mzinga huu wa mbao za juu ulianza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bado ndio rahisi kwa anayeanza. Sakafu yake ni sehemu ya sanduku, haitoki. Ndiyo sababu nimeiweka ya tatu, si kwa ubaya wa mzinga. Unachoweza kufanya ni kuchagua ule ambao chini ni ubao mmoja mpana badala ya vipande vitatu vilivyounganishwa, maana kila kiungo ni ufa wa kesho. Ukishafika hapo dukani, pima pia zile mbao za juu: ziwe milimita 32 kwa upana, la sivyo nyuki watajenga masega kwa kukatiza.

Nafasi ya nne: plastiki

Mchwa hawaili, haiozi. Lakini sakafu za plastiki huja na vipimo vya kiwandani, na sanduku lako limetoka kwa fundi aliyepima kwa tepu iliyochakaa. Zisipokutana sawasawa, huwezi kuzichonga kwa randa. Unyevu nao hutuama juu yake, hasa asubuhi. Kama umenunua mzinga mzima wa plastiki, sawa, vinaendana.

Usinunue: iliyopigiliwa misumari

Hii ndiyo utakayoonyeshwa mara nyingi, na fundi ataisifu: "Hii ni ngumu, bosi, haitingishiki." Ni kweli haitingishiki. Haitoki pia. Kuisafisha utalazimika kutoa fremu zote mbele ya nyuki wenye hasira. Mwambie ang'oe misumari, atengeneze sakafu ya kutoka, na umlipe nyongeza kidogo. Akikataa, nenda kwa jirani yake.

Pesa utakayookoa kwa kuacha wavu iweke kwenye stendi, maana sakafu yoyote ikilala chini ni chakula cha mchwa. Iinue mpaka kwenye kiuno. Sanduku lililojaa asali hukaribia kilo 40, na kuliokota kutoka chini utajua mgongo ni wako. Miguu minne, kila mmoja kwenye mkebe wa oili, na juu ya mkebe kipande cha bati ili mvua isijaze maji oili ikamwagika. Kata nyasi zote zinazogusa sakafu. Jani moja tu linatosha kuwa daraja la siafu. Nyuma weka kibao chembamba ili mzinga uinamie mbele kidogo, maji yatoke mlangoni. Kakamega, ambako mvua haikawii kurudi, usiruke hatua hii. Ila kwa KTBH usiinamishe: masega yananing'inia, na utayakuta yamejengwa upande.

Mwenye mizinga mitatu anunue sakafu nne. Ile ya ziada inazunguka: unaiingiza, unatoa chafu, unaikwangua kwa kisu mbali na mizinga, kisha unaipitishia moto wa majani makavu hadi nyufa ziive. Vikwanguo, pamoja na viwavi wa nondo, wape kuku.